Aliyebadilisha Rili kwa Kusikiliza

Mnaoanza kazi za mitambo mwaka huu, nakusudia kukuambieni jambo ambalo sikuwaambia wenzenu waliotangulia, ingawa niliwafunza kwa miaka mingi na wengine walinipita kwa ujuzi. Mimi ni Nassor, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Sidab tangu nilipokuja Maskati kijana na marehemu babangu. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha filamu. Ukiifanya vyema kazi ile hakuna anayekujua hata jina. Ukikosea, ukumbi mzima hugeuka nyuma na kukutukania mamako kwa lugha nne.

Sinema yetu ilikuwa Ruwi, mtaa mmoja wa Maskati. Jengo lenyewe limeshabomolewa, msilitafute. Juu kabisa, nyuma ya viti, kulikuwa na kibanda chenye madirisha mawili madogo ya kioo, na ndani yake projekta mbili zilizokaa kama mafahali wawili zizini. Mtu aliyenipokea kibandani mle alikuwa Mtamil, jina lake Arumugam, mrefu, mwembamba, mwenye nywele zilizopakwa mafuta na kuchanwa mstari. Sisi wote tukimwita Anna, maana kwa lugha yao huyo ni kaka mkubwa. Yeye akiniita thambi, yaani mdogo wangu. Tulizungumza kwa Kihindi cha Ghuba na Kiarabu cha sokoni, na pale pote viliposhindwa tukatumia vidole.

Mwezi mzima wa mwanzo hakuniruhusu kugusa mashine. Kazi yangu ilikuwa kuurudisha mkanda nyuma kwa mkono, taratibu, huku kingo zake zikipita baina ya kidole gumba na cha shahada. Pembeni mwa mkanda muna tundu ndogo ndogo ambazo meno ya mashine huzishika. Tundu likichanika, kidole hukwama kidogo tu, kama unapopapasa kitambaa chenye uzi uliotoka. Hapo unasimama, unakata, unaunga kwa utepe wa gundi, unaendelea.

Nilimuuliza kwa nini nisitazame tu kwa macho. Akaniambia kuwa macho huchoka na vidole havichoki. Tundu likichanika mkanda utakatika, mkanda ukikatika watu watatukana, wakitukana meneja atapanda ngazi. "Kazi yetu, thambi," akasema, "ni kumzuia meneja asipande ngazi."

Nimelifunza hilo kila kijana niliyepewa, na kila mmoja alicheka kama nilivyocheka mimi.

Meneja alipanda ngazi kwa ajili yangu mwaka wangu wa pili. Filamu siku hizo ilikuja katika makopo ya bati, na kila kopo lina rili moja, mkanda wa kiasi cha dakika ishirini uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Mimi, katika filamu moja ya Kitamil, nikaitia rili ya sita kabla ya ya tano. Kwa hiyo yule jambazi aliuawa, akachomwa moto, watu wakapiga makofi, na dakika chache baadaye akaonekana amekaa kitako anakunywa chai. Ukumbi ulizuka ghasia. Anna akafungua kidirisha, akatoa kichwa, akawapigia kelele kwa Kitamil maneno ambayo sikuyafahamu. Watu wakacheka, wakatulia, wakatazama mpaka mwisho. Baadaye nikamuuliza aliwaambia nini. Alikuwa amewaambia kuwa yule ni pacha wake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Meneja alipofika juu, Anna alimwambia kosa ni lake.

Katika filamu zote tulizoonyesha, moja ilirudi kila mwaka. Ilikuwa ya Kitamil, ya kupigana na kulia, ya zamani hata siku zile. Jina lake lilikuwa refu. Kibandani tukiiita Ya Chumvi tu. Ndugu wawili wanafanya kazi katika mashamba ya chumvi ya tajiri mmoja, kule kwao pwani. Mkubwa anadai wenziwe wapewe maji ya kunywa na kivuli cha kupumzikia, anapigwa na watu wa tajiri mpaka hawezi kusimama. Mdogo wake anambeba mgongoni, anakata naye mashamba yote yale meupe chini ya jua, miguu mitupu, na kila baada ya hatua chache anatokewa na watu wenye marungu. Anawapiga na huku hamteremshi nduguye. Mwisho mkubwa anakufa palepale mgongoni, na mdogo hajui, anaendelea kusema naye.

Ijumaa filamu ile ikionyeshwa, mabasi ya makampuni ya ujenzi yakijaa mtaani. Watamil walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, wamejipaka poda shingoni. Kuna pahala yule mdogo anachota chumvi kiganjani, anamwambia tajiri, "Hii ni jasho letu lililokauka." Ukumbi mzima ulisema naye. Na kamera ilipoonyesha nyayo zake zilizopasuka, watu hawa walioshinda juma zima na saruji walinyamaza hivi kwamba nikasikia feni. Mimi Kitamil sikijui, lakini ile sehemu sikuhitaji kufasiriwa.

Sasa nikuelezeni namna ya kubadilisha rili, kwa sababu khabari yote imekaa hapo. Rili ikikaribia kwisha, pembe ya juu kulia ya picha hutokea alama ndogo, kitone, kwa muda wa kupepesa jicho. Ukiiona, unawasha mashine ya pili. Baada ya sekunde kama saba hutokea alama ya pili. Hapo hapo unafunga mwanga wa mashine ya kwanza na kufungua wa pili, na mtazamaji hajui kuwa picha imehama kutoka mashine moja kwenda nyengine. Ukiikosa alama, mkanda unakwisha na watu wanabaki kutazama kitambaa cheupe.

Anna hakuwahi kuikosa. Halafu akaanza kuikosa.

Mara ya kwanza ilikuwa filamu ya Kimisri. Kitambaa kikawa cheupe, watu wakapiga miluzi, Anna akasema alikuwa anapangusa jasho. Mara ya pili ilikuwa ya Kihindi. Ya tatu ya Kimisri tena. Lakini katika Ya Chumvi, na katika filamu zote za Kitamil, mkono wake ulikwenda sawasawa kama saa. Nikafikiri labda zile nyengine hazimpendezi, hatii moyo.

Ikaja filamu moja ambayo fundi wa nchi nyengine alikuwa amezikwaruza alama zake kwa msumari, zikawa kama misalaba. Anna aliikosa ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeiona. Nikamuuliza kama ameiona alama. Akasema ameiona, alichelewa tu. Nikamuuliza ilikuwa na umbo gani.

"Duara," akasema. "Kama zote."

Nikaigeukia mashine ya pili. Naye akajua. Akavuta kibao akakaa, mashine inanguruma, akaniambia bila ya kunitazama kuwa anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo. Kilichoko mbele yake hasa anakiona. Cha pembeni, cha juu na cha chini hakipo. Daktari wa kwao alimwambia ni presha ya macho, ile ambayo Waarabu huiita maji ya bluu, na kwamba kile kilichokwisha potea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda.

Nikamuuliza, basi zile za Kitamil anazibadilisha vipi?

Akasema anasikiliza. Katika Ya Chumvi rili ya pili inakwisha mama akikohoa mara mbili. Ya nne inakwisha pale pa chumvi na jasho, neno la mwisho. Ya tano inakwisha kwa mlango. Filamu ambayo lugha yake anaifahamu huibadilisha kwa masikio. Filamu ambayo haifahamu, hata ya Kihindi, maana Kihindi chetu kilikuwa cha kazini tu, anabahatisha.

"Usimwambie mtu, thambi," akasema. "Niache mpaka Kavitha amalize skuli ya uuguzi. Akimaliza ntakwenda zangu mwenyewe."

Kavitha alikuwa binti yake wa pekee, yuko kwao na mamake. Nilikuwa naijua picha yake, ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la makopo. Nikamwambia simwambii mtu.

Na sikumwambia. Nilikuwa hodari sana wa kuficha. Filamu ikiwa si ya Kitamil, nilisimama nyuma yake na alama ikitokea nakohoa. Meneja nilimwambia nataka kujifunza zaidi, kwa hiyo nikachukua mimi maonyesho mengi. Nilizifunga pembe za meza kwa vitambaa ili asijigonge nyonga. Makopo niliyapanga kwa utaratibu mmoja usiobadilika, na nikamkataza mfagiaji kuyasogeza. Wakati mwengine tulicheka pamoja. Akisema mimi nina kifua kibaya kweli, kikohozi kila dakika ishirini.

Nilijiona mwema, wanangu. Hapo jihadharini. Siku utakapojiona mwema kazini, jiulize kwanza ni kitu gani unakificha.

Mke wangu Zuhura ndiye pekee aliyejua, kwa sababu mimi kwake sina siri inayolala. Alisema nimpeleke Anna hospitali hapa hapa Maskati, pengine dawa ipo ya kuzuia kile kilichobaki. N'kamwambia nimeshamuahidi.

"Umemuahidi kumfichia," Zuhura akaniuliza, "au kumuua?"

Nilikasirika. Nikamwambia mambo ya kazini hayajui. Hakurudia tena.

Neno jengine la kazi, na hili lishikeni hata kama hamtaiona projekta maishani mwenu. Mwanga wa mashine zile ulitoka kwenye globu kubwa ya kioo kizito, ndani yake muna gesi iliyoshindiliwa. Globu ile ni hatari ikiwa moto na ni hatari ikiwa baridi. Haipasuki kama globu ya nyumbani, inaripuka. Huigusi kioo kwa kidole kitupu, maana mafuta ya ngozi huacha alama na alama hushika moto. Unavaa glovu nene, unavaa koti, unavaa kinga ya uso, ile ngao ya plastiki inayokufunika kuanzia kipaji mpaka kidevuni. Unaitoa polepole, unaitia kwenye mfuko wake, unaiweka mpya. Na kila globu ina saa zake. Zikipita saa zile, kila dakika unayoiwasha unaomba salama.

Anna alikuwa amenifunza haya yote kwa kunipiga vidole kwa rula.

Alkhamisi moja, globu ya mashine ya kwanza ikaanza kutetemeka, mwanga unapanda na kushuka. Saa zake zilikuwa zimepita zamani. Mpya ilikuwa kwenye sanduku lake chini ya meza. Siku ya pili, Ijumaa, tulikuwa na Ya Chumvi saa tisa alasiri, na tiketi zimekwisha. N'kamwambia Anna, "Kesho globu ntaibadilisha mimi kabla ya onyesho. Wewe usiiguse."

Akasema, "Sawa, thambi. Mimi ntakungoja."

Ijumaa ile tulialikwa Yiti kwa ami yake Zuhura. Tulisali huko, tukala samaki wa kuchoma na wali. Njia ya Yiti siku hizo ilikuwa ya changarawe, inapita baina ya majabali, na gari langu lilikuwa zee. Nilijua kuwa ili nifike Ruwi kwa wakati ni lazima niondoke saa saba. Saa saba ikaletwa kahawa. Ami akaanza kisa cha Unguja, cha mtu mmoja wa Malindi aliyemuuza punda wake mara mbili, na watu wote walikuwa wanacheka. Nilitazama saa yangu. Nikaitazama tena. Sikutaka kuwa mimi wa kwanza kuinuka. Niliondoka saa nane na nusu.

Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimwambia nilipata pancha. Hapakuwa na pancha. Palikuwa na kahawa.

Nilipofika, taa za ukumbi zilikuwa zinawaka na watu wamekaa vitini mwao, hakuna anayepiga mluzi. Hilo ndilo lililonitia khofu. Nilipanda ngazi mbio. Sakafu ya kibanda ilikuwa inang'aa vipande vya kioo. Anna alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kabati la makopo, na meneja amechutama mbele yake ameshika taulo, na taulo limekwisha badilika rangi. Glovu alikuwa amezivaa. Koti alikuwa amelivaa. Kinga ya uso ilikuwa imetundikwa msumarini.

Meneja alikuwa akisema peke yake kwamba alimwambia aharakishe, watu wanangoja, lakini hakumwambia avue. Nikachutama. Nikamwita.

"Nilipoivaa sikuona kitu," Anna akasema. Ile plastiki ilikuwa imekwaruzika kwa ukale, na yeye alikuwa na tundu la ufunguo tu. Akaivua ili aone. Akaipapasa globu, ikagonga ukingo wa kile kioo cha nyuma yake kinachorudisha mwanga mbele. Haya alinieleza taratibu, kama anayenifunza. Halafu akaniuliza, "Watu wameondoka?"

N'kamwambia hawajaondoka.

"Basi waonyeshe."

Dereva wa sinema akampeleka hospitali. Mimi nilitaka kwenda naye. Meneja akasema ukumbi umejaa, na watu wale wakikasirika nani atawazuia. Ningeweza kukataa. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na kila mara nnaona kuwa ningeweza. Lakini nilichukua ufagio, nikafagia vioo, nikaonyesha filamu kwa ile mashine moja iliyobaki. Kila rili ilipokwisha niliwasha taa, nikaivua, nikavisha nyengine, nikazima taa. Watu walingoja kwa subira kubwa. Ilipofika pale pa chumvi na jasho walisema wote kwa pamoja, kama kawaida, na mimi nilikuwa na damu ya Anna kwenye mkono wa shati.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali. Alikuwa amefungwa bandeji kutoka paji mpaka puani. Jicho la kushoto walikuwa wamelitoa. La kulia daktari alisema lisitegemewe. Sikupata muda wa kukaa naye, kwa sababu meneja alikuwapo, na pamoja naye mtu wa ofisi kuu, mwenye karatasi na kalamu. Yule mtu alikuwa na adabu. Alivuta kiti akakaa, akasema anataka kuandika mambo mawili tu, kisha atatuacha tupumzike.

Akaniuliza mimi kwanza. Je, nilijua kuwa Arumugam alikuwa haoni vizuri tangu kabla ya ajali? Na kazi ya kubadilisha globu siku ile ilikuwa ya nani?

Wanangu, muda ule haukuwa mrefu. Niliwafikiria watoto wangu wawili. Niliifikiria nyumba ya Sidab ambayo haikuwa imeezekwa. Nilifikiri kwamba macho ya Anna yamekwisha kwenda, na ukweli wangu hautayarudisha. Nikafikiri tena kuwa yeye mwenyewe aliniomba nisimwambie mtu. Haya yote yalipita kichwani kwa wakati wa kukohoa mara moja.

"Sikujua," nikasema. "Na globu ilikuwa zamu yake."

Anna alikigeuza kichwa kwenye mto, akanielekea. Bandeji tupu ilikuwa inanitazama. Yule mtu wa ofisi akamuuliza yeye kama ni kweli.  Nilisikia muuguzi akisukuma kigari nje, magurudumu yanalia.

"Kweli," akasema. "Hakujua."

Ikaandikwa kuwa aliuficha ugonjwa wake, na kwamba madhara yote aliyapata kwa kosa lake mwenyewe. Kabla mwezi haujesha alikatiwa tiketi ya kurudi kwao. Mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka uwanja wa ndege. Alinishika bega, tukaenda polepole mpaka kwenye kaunta, na njia nzima nilimngoja aseme neno. Sikujua lipi. Alipokuja mtu wa kumchukua kumpitisha ndani, Anna aliniambia rili ya mwisho ya Ya Chumvi ina tundu zilizochanika upande wa kushoto, niziunge kabla sijairudisha.

Niliziunga.

Sikumwandikia barua. Mwaka wa kwanza nilisema naona haya, ntaandika haya zikipungua. Mwaka wa pili nikasema nimechelewa mno, nitaanzaje. Baada ya hapo sikusema kitu. Nikawa fundi mkuu. Nikapewa vijana wa kuwafunza, na sifa yangu ilikuwa ukali juu ya kinga ya uso. Nilimfukuza kijana mmoja wa Sohar kwa kuivua sekunde mbili tu. Watu wakasema Mzee Nassor anaijua kazi. Nilizinunua kinga mpya kila mwaka, na iliyokwaruzika niliivunja kwa goti mbele ya wote. Hakuna aliyeniuliza nilijifunzia wapi.

Sinema ya Ruwi ikavunjwa, nikahamia kwenye zile za majumba ya biashara, zenye viti vinavyolala na harufu ya bisi ya siagi. Makopo yakaondoka, zikaja diski, kitu kidogo kuliko msahafu, na ndani yake filamu nzima. Vidole vyangu vikakosa kazi. Niliendelea kwa sababu mshahara hukoma ukikoma, na kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa.

Mwaka wangu wa mwisho Ya Chumvi ilirudi. Huko kwao walikuwa wameisafisha, wakaitoa mikwaruzo yote, wakaipeleka tena duniani, na Watamil wa Maskati wakanunua tiketi za siku tatu kwa asubuhi moja. Safari hii hawakuja kwa mabasi ya kampuni tu. Walikuja na wake zao na wazee wao.

Siku ya pili ya maonyesho, Neema, msichana wa Tanga aliyekuwa akikata tiketi, alipanda mpaka kibandani. "Mzee Nassor, samahani, kuna mama wa Kihindi anakuulizia," akasema. "Anasema babake alifanya kazi na wewe."

Nikamwambia amlete.

Alikuwa na sari ya rangi ya majivu na nywele zinazoanza kuwa nyeupe. Sikuwa na haja ya kuambiwa jina. Alikuwa na kipaji cha uso cha Anna, na namna yake ya kusimama na kichwa kimeinama kidogo upande, kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kavitha alikuwa muuguzi hapa hapa Maskati, mwaka wake wa sita. Mara nyingi alipita karibu na kazini kwangu, akisema atakuja, hakuja. Babake alikuwa ameshafariki, kwa homa, baada ya miaka kumi na moja ya kukaa kwenye kiti barazani kwao.

Nikampa kiti. Nikamweleza, na nilimweleza yote, kwa Kihindi kile kile cha zamani ambacho babake alinifunza. N'kamwambia kuwa nilijua. N'kamwambia Yiti, kahawa, kisa cha punda, hakuna pancha. N'kamwambia globu nilikuwa nimeahidi mimi. N'kamwambia nilichomjibu mtu wa ofisi, neno kwa neno. Alisikiliza na mkoba wake magotini, mikono juu ya mkoba. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mtu mzima wa miaka yangu.

Nilipomaliza nikamuuliza kama babake aliwahi kunitaja.

Akasema alinitaja. Miaka ya mwanzo, kila tarishi alipopita aliuliza kama kuna barua ya Maskati. Baadaye aliacha kuuliza.

"Alituambia ulijua," Kavitha akasema. "Alisema ulinyamaza miezi yote ile kwa sababu alikuomba. Lakini hospitali, alisema, hakukuomba."

 Chini, watu walikuwa wanaingia, tunasikia viti. Akainuka, akaitengeneza sari yake begani. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ntashuka nikae naye tuitazame pamoja, kwa sababu amekuja peke yake na hataki kuitazama peke yake.

N'kamwambia nna kazi.

Mashine za siku hizi hujiendesha zenyewe. Ukibonyeza mara moja, zinazima taa, zinafungua pazia, zinaonyesha, zinawasha taa. Sikuwa na kazi hata moja. Nilikaa kibandani saa mbili na nusu, uso kwenye kioo, na nilimwona vizuri, kiti cha pembeni safu ya tano, pembeni yake kiti kitupu. Ndugu mdogo alipombeba mkubwa kwenye chumvi, alijifunika uso kwa ncha ya sari. Zilikuwa ngazi kumi na nne tu kutoka kibandani mpaka ukumbini. Sikushuka.

Nyinyi shukeni.